Baba huwa nyumbani masika

"Sasa Mwalimu, nibadilishe kazi au nibadilishe Jumanne?"

Swali hilo linanifuata tangu Ijumaa ya wiki iliyopita. Naosha vyombo nalo, nasahihisha madaftari nalo. Ni wiki ambayo mama mkwe ametolewa mtoto wa jicho, mdogo wangu amevishwa pete kule Sakina na upepo umeezua mabati ya bwalo la shule, lakini nikibaki peke yangu siyafikirii hayo. Namfikiria kijana wa kidato cha pili aliyesimama na karatasi mkononi akisubiri nimjibu.

Ijumaa zangu mnazijua. Vipindi vikiisha, wanaotaka wanabaki tunaongea habari za mbele. Muhula huu nimeacha kuwauliza wanataka kuwa nani. Wameulizwa hivyo tangu chekechea, na majibu wameshayakariri: daktari, rubani, mwanajeshi. Nimewaambia waniandikie Jumanne moja tu, wakiwa na miaka thelathini na tano. Nilisisitiza iwe Jumanne, maana harusi na Krismasi kila mtu anajua zitakavyokuwa. Umeamka saa ngapi, unaishi wapi, nani yuko mezani, mmekula nini, jioni imekukuta wapi. Kazi inaandikwa mwisho kabisa, halafu tunaangalia kama kazi hiyo na siku hiyo vinaweza kukaa nyumba moja.

Huwa panachangamka. Kuna binti anautaka udaktari kwa moyo wote, na anataka pia kila Desemba awe Kirua kwa bibi yake kabla mbuzi hajachinjwa. Tukapiga hesabu pamoja: miaka 5 ya chuo, mwaka 1 wa utarajali, halafu zamu, na wodi hazifungwi Krismasi. Akawaza, akasema basi atakuwa daktari wa meno. Wengine walishtuka kusikia kwamba wenye nyumba wengi mjini wanataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Mmoja alifuta vyumba viwili palepale.

Ikafika zamu ya yule kijana. Alisoma taratibu, bila kuinua macho. Naamka saa kumi na mbili. Nawapeleka watoto shule kwa miguu. Jioni narudi kabla hawajalala, tunakula makande, namsaidia mkubwa hesabu. Kazi: kuongoza watalii mlimani kama baba.

Nikamuuliza, "Baba huwa nyumbani Jumanne?"

"Baba huwa nyumbani masika."

Hakuna aliyecheka. Darasa lile wengi wana mtu mlimani, mgumu (mbeba mizigo), mpishi au kiongozi wa watalii, na walimwelewa mara moja. Kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame ni siku sita au saba, ya Lemosho hata nane. Msimu ukichanganya, mtu anashuka, analala nyumbani usiku mmoja au miwili, nguo zinafuliwa, anapanda tena. Mvua za Aprili na Mei zikishika, wageni wanapungua, ndipo baba anarudi.

"Na masika mama huwa na mawazo," akaongeza, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kisha akauliza lile la kubadilisha. Nilimwambia swali lake ni kubwa, anipe siku chache nilifikirie kwa heshima yake. Akasema, "Sawa, Mwalimu," akakaa.

Ninachorudia kichwani ni sauti yake. Hakuwa analalamika. Aliuliza kama mtu anayeuliza aandike kwa kalamu au kwa penseli. Ana miaka kumi na minne na ameshaona kwamba nyumbani kwao baba na pesa haviingii kwa wakati mmoja, kimoja kikifika kingine kinaondoka. Nimeisoma ile karatasi mara nyingi, na kila kilichomo, ile safari ya shule, ile hesabu ya usiku, ni kitu ambacho tangu Juni mpaka Oktoba yeye hakipati. Na kazi aliyoiweka chini yake ni ileile inayomnyima. Kwa sababu anampenda baba yake, na anaupenda mlima, na mimi sioni ubaya wowote hapo. Ndiyo maana inauma.

Mwenzangu ofisini ameniambia nimshauri akomae na PCB (fizikia, kemia na biolojia) aachane na habari za mlima. Nimekataa, na nilikataa kwa sauti. Mlima umesomesha watoto wengi wa hapa Moshi. Mtu anayejua njia mpaka mita 5,895, anayemwona mgeni ameanza kuugua kwa sababu ya mwinuko akamshusha mapema kabla hajazidiwa, huyo ni mtaalamu. Sitamfundisha mtoto kuidharau kazi inayomlisha. Lakini sitamwacha pia aichague huku amefumba macho upande mmoja. Novemba wana upimaji wa taifa, Januari wako kidato cha tatu na wataambiwa wachague masomo. Kila mwaka naona watoto wanaiacha fizikia kwa sababu rafiki kaiacha. Kidato cha nne itakuja Selform, fomu ya kuchagua tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano, na tangu 2024 orodha ya tahasusi imekuwa ndefu kweli. Nani atakuwa amewauliza jioni zao wanataka ziwe wapi?

Basi Alhamisi alinifuata kwenye korido, shikamoo yake yenyewe ilikuwa na haraka. Baba alikuwa ameshuka Jumatano. Walikaa na ile karatasi baada ya chakula, na baba hakumwambia aache wala aendelee. Alimwambia achukue kalamu aandike watu wote anaowajua yeye baba, wanaokula kutokana na mlima lakini wanalala kwao. Wanaokodisha mahema na makoti ya baridi. Wanaopokea wageni uwanja wa ndege. Yule wa ofisini anayepanga safari. Wanaopeleka watu maporomoko ya Materuni na kuwaonyesha kahawa inavyokaangwa, wanaowapeleka Chemka kuogelea, saa kumi na moja jioni wamesharudi mjini. Waliomaliza chuo cha wanyamapori cha Mweka wakaajiriwa. Ukurasa ulijaa. Nilikuwa naisoma orodha ile moyo unanidunda, maana mimi mwenyewe nisingeifikisha nusu.

Kwenye karatasi yake ya kwanza hakufuta kitu. Kazi bado ni mlima. Pembeni tu ameongeza kwa penseli: *mpaka miaka 30, halafu Materuni.*

"Hujabadilisha chochote," nikamwambia.

"Nimepanga foleni, Mwalimu."

Nilicheka mpaka wa kidato cha kwanza wakachungulia. Halafu akasema kwamba kuna jambo moja ametumwa. Baba ameuliza kama wazazi nao wanaruhusiwa kuandika Jumanne yao. Nilimpa karatasi mbili, ya baba na ya mama, nikamwambia wasiharakishe. Jumamosi baba amepanda tena, kwa hiyo sijui kama ameibeba au ameiacha kabatini, na sitauliza. Ijumaa ijayo nataka nimlete muuguzi wa zamu za usiku aje awaeleze Jumanne yake ilivyo, na huyo mkodishaji mahema kama atakubali. Nimefurahi wiki hii kuliko nilivyofurahi muhula mzima.

Ila ndama wetu tangu jana jioni hanyonyi. Amelala upande mmoja, masikio ya baridi, mama yake analia tu bandani. Bwana mifugo anasema yuko Pasua kwa mgonjwa mwingine na atapita asubuhi. Nimempigia tena sasa hivi, simu haipokelewi.