Imla ya Frances

Juzi mjukuu alilitoa daftari langu la hatimkato, yaani maandishi ya alama za mkato ya kufuata usemi, sandukuni, akaligeuza juu chini. "Bibi, hiki ni Kiarabu?" Nikamwambia ni Pitman, mfumo mmoja wa hatimkato, akarudi zake kwenye simu. Ukurasa uliofunguka ulikuwa ule wa Frances Stevenson.

Mwalimu wetu alichoka kutusomea barua za kuagiza mabati. Mchana ule akatuletea imla juu ya Frances, katibu wa Lloyd George, mwanasiasa wa Uingereza, maneno 80 kwa dakika. Penseli HB, imechongwa pande zote mbili. Peni ya kawaida marufuku, kwa sababu haikolezi. Mstari mwembamba ni p, ule ule ukikolezwa ni b. Ukiandika kwa peni, ukija kuchapa unakuta "baba" amekuwa "papa".

Akaanza. Mwaka 1911 Frances aliajiriwa kumfundisha Megan, binti mdogo wa Lloyd George, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Uingereza. Januari 1913 akawa katibu wake, kwa sharti walilokubaliana wawili: kazi na mapenzi vitakwenda pamoja. Nyuma mtu akanong'ona "nyumba ndogo", darasa likacheka, na hapo ndipo wengi walipopotea. Kwa kasi ile ukisita sekunde tatu umekosa maneno manne. Hufukuzii. Unaacha nafasi, unadaka neno linalosomwa sasa, pengo utaliziba wakati wa kuchapa kwa kufuata maana. Anayerudi nyuma hupoteza sentensi nzima, na mwalimu hangoji mtu.

Akafika Paris, 1919. Bosi sasa ni Waziri Mkuu, Frances yuko naye kwenye mkutano wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwezi Mei wakubwa wakaamua Afrika Mashariki ya Wajerumani iwe chini ya Waingereza. Penseli zikasimama tena, safari hii bila kicheko. Nchi yetu iligawiwa huko, na mhazili mwenzetu alikuwa mjini humo humo na makabrasha yake.

Yaliyobaki aliyakimbiza. Shamba la Churt, Surrey, ambako mke akija Frances anaondoka. Binti, Jennifer, 1929. Margaret, mke wa ndoa, akafariki Januari 1941. Frances akaolewa tarehe 23 Oktoba 1943, ofisi ya msajili Guildford, bwana harusi ana miaka 80. Megan, mwanafunzi wake wa zamani, hakuikubali ndoa ile. Machi 1945 mume akafa. Miaka 30 ukatibu, miezi 17 unyumba.

"Mwalimu, mkewe alijua?" mmoja akauliza.

"Alijua. Chapeni, nakala tatu."

Tukapanga kaboni, upande unaong'aa ukitazama chini. Ukiugeuza, maandishi yanajichapa mgongoni mwa nakala yako halisi na ya chini inatoka nyeupe.

Jambo moja mwalimu hakulisoma kwenye imla, alilitaja tu akikusanya karatasi: tangu 1914 Frances aliandika shajara, nani kasema nini, bosi kaamkaje, na mwaka 1971 ikachapishwa yeye mwenyewe akiwa hai. Sisi tulifundishwa kwamba karatasi ya kaboni iliyotumika huchanwa, maana ukiinua kwenye mwanga barua nzima inasomeka. Kwa kanuni hiyo Frances alistahili kufukuzwa. Ila bila shajara ile tungebaki na hotuba za mzee peke yake, na hotuba tunazijua, tumezichapa wenyewe. Mpaka leo sijaamua kama ningemkalisha mbele ya mlango wa bosi wangu.