Siku moja ya fundi wa paa: kulifuata tone hadi lilikotoka

Saa 11:25 alfajiri

Mvua iliniamsha kabla ya simu. Nililala macho nikiisikiliza. Ilikuja na upepo, ikapiga upande mmoja wa paa kwa nguvu na upande mwingine ikagusa tu. Mvua ya namna hiyo ndiyo inayotoa siri za mapaa. Ile inayoshuka wima inaweza kupita juu ya kosa miaka mitatu bila mtu kujua.

Simu ikaita saa 11:40. Mama mmoja, jirani wa mteja wangu wa mwaka jana. "Fundi, samahani kwa kukuamsha. Chumba cha mtoto dari imevimba kama tumbo, na maji yanadondoka kitandani."

Nilimwambia mambo kwa mpangilio, taratibu, kwa sababu mtu aliyeamshwa na maji hasikii maneno mengi. Kwanza mtoto atoke humo. Pili umeme wa chumba kile uzimwe kwenye boksi kuu, naye akiwa amesimama pakavu. Swichi ya ukutani haitoshi, maana maji hufuata waya hadi kwenye taa. Tatu, aweke beseni chini ya uvimbe, asimame pembeni, achukue bisibisi atoboe tundu dogo pale palipolegea zaidi.

Hapo alisita. "Nitoboe dari yangu mwenyewe?"

Wengi husita hapo, na ninawaelewa. Lakini lita moja ya maji ni kilo moja, na jipsamu iliyolowa haina tena nguvu ya kubeba. Uvimbe wa lita 15 ukiachwa utaanguka wote kwa pamoja na ubao wake. Tundu dogo linaokoa dari nzima. Alitoboa, nikasikia kwenye simu maji yakigonga beseni.

La mwisho nililomwomba ni kwamba asipande mtu yeyote juu. Bati lililolowa linateleza kuliko sabuni, na hakuna tundu linalostahili mguu wa mtu.

Saa 1:30 asubuhi

Mvua imekata. Nilifika na kijana wangu wa kazi, ngazi, tochi mbili, chaki, kamba, keekee, brashi ya waya na mpira mrefu wa maji. Wateja huushangaa mpira. Mvua imetoka kunyesha, maji mengine ya nini?

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Karibuni, mtanisamehe, nyumba imevurugika."

Chumba kilikuwa nadhifu hata hivyo. Kitanda kimesukumwa ukutani, madaftari ya shule yameanikwa sakafuni moja moja. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amekaa mlangoni akiyalinda. Nilitazama juu. Doa lilikuwa na miviringo, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja na ukingo wake wa kahawia. Kila maji yanapoingia na kukauka huacha ukingo. Nilihesabu mitano iliyo wazi. Kwa hiyo paa hili lilikuwa likilalamika muda mrefu.

Mama akanieleza kwamba mafundi watatu wameshapita, kila mmoja akapanda na kopo la lami. "Linakaa wiki chache, linarudi palepale. Na kuna kitu kingine, usije ukaniona nimechanganyikiwa. Asubuhi nyingine linadondoka na mvua haijanyesha kabisa."

Nikamwambia hajachanganyikiwa hata kidogo. Nikaliandika neno hilo kwenye kidaftari na kulipigia mstari, kwa sababu lilikuwa limebeba nusu ya jibu.

Saa 2:10 asubuhi

Nikaingia darini. Hapa ndipo kazi yangu ilipo, kuliko juu ya paa. Unatambaa juu ya mbao za kenchi, zile zinazobeba paa, unahakikisha goti halikanyagi jipsamu, unazima tochi na kukaa gizani dakika mbili. Macho yakizoea, matundu yanajionyesha kama nyota. Nilikaa. Juu kabisa ya doa palikuwa na giza totoro. Hakuna nyota hata moja.

Nikawasha tochi na kuilaza ubavuni mwa mbao, maana mwanga wa pembeni unaonyesha kile ambacho mwanga wa mbele unakificha. Vumbi la miaka limelala juu ya kila kipande cha mbao, na katikati ya vumbi hilo, juu ya kenchi, kulikuwa na njia safi yenye upana wa kidole, kingo zake zimenyooka, mbao imekuwa nyeusi. Maji yamepita hapo mara nyingi hadi yamejichongea barabara.

Nikaifuata nikirudi nyuma. Tone lilidondokea kwenye kichwa cha msumari uliotokeza. Kutoka hapo njia ilipanda na kenchi kama mita 2, ikafika kwenye papi, ule ubao wa kukingama unaopigiliwa bati, ikakata kushoto, ikaenda na papi mita nyingine moja na zaidi. Kisha nikaipoteza nyuma ya mkusanyiko wa nyaya. Mita 3 kutoka pale wenzangu walipokuwa wakipaka lami.

Sisemi hivi kwa kuwadharau. Miaka yangu ya mwanzo nilifanya vilevile katika nyumba moja, nikarudi mara tatu kwenye doa lilelile, na mara ya tatu mwenye nyumba hakunikaribisha hata kukaa. Mzee aliyenifundisha kazi alipopata habari alininyang'anya kopo la lami akanipa tochi. Maji yakishaingia chini ya bati hayana haraka ya kudondoka. Yanang'ang'ania chini ya bati, yanatelemka na mbao, yanatafuta ncha. Dari inakuonyesha yalikoishia tu.

Halafu nikageuza tochi upande wa pili wa paa, mbali na doa. Kila ncha ya msumari iliyotokeza ilikuwa na kutu ya duara, na nyingi zilining'iniza kitone kidogo. Si mmoja wala wawili, mamia, vimetandazwa sawasawa. Tundu haliwezi kufanya hivyo. Huo ni umande. Usiku bati hupoteza joto kuelekea angani hadi linakuwa baridi kuliko hewa iliyo chini yake, na hewa hiyo ikiwa na unyevu, mvuke unageuka maji kwenye bati. Nikatafuta unyevu unatoka wapi, nikaona bomba la feni ya bafuni limekatishwa humohumo darini. Kila mtu aliyeoga maji moto nyumba hii alikuwa akipeleka mvuke wake kwenye mabati. Na matundu ya hewa ya pembezoni yamezibwa na viota vya ndege.

Kwa hiyo ni maji mawili tofauti, na lami haitibu hata moja.

Saa 4:20 asubuhi

Jua limetoka, bati limekauka. Tukasimamisha ngazi: kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu mita 1 kutoka ukutani, na ncha ipite ukingo wa paa kwa mita nzima ili uwe na cha kushika unapovuka. Kijana akajifunga kamba. Anajua kukanyaga kwenye mistari ya misumari tu, kwa kuwa chini yake kuna papi. Katikati bati linabonyea, na bati lililobonyea linashika maji.

Juu ya doa tulikuta matabaka matatu ya lami, moja juu ya jingine, yamejaza bonde lote la bati na kufanya bwawa dogo la majani yaliyooza.

Saa 5:00 asubuhi

Sasa ule mpira. Sheria ni moja: anza chini, panda polepole. Ukianza juu maji yanatelemka kila mahali na hutajua ni sehemu gani iliyoingiza. Nilirudi darini na tochi, kijana akabaki juu. Dakika 10 kila hatua, na hazipunguzwi, kwa sababu maji yanahitaji muda wa kutembea.

Hatua ya kwanza, ukingo wa chini. Kavu. Hatua ya pili, palepale kwenye lami. Kavu. Bati chini ya lami ile lilikuwa zima tangu siku ya kwanza. Hatua ya tatu, mita moja na nusu juu zaidi. Kavu. Mgongo ulikuwa unauma na jasho linaingia machoni, lakini ni saa ninayoipenda katika kazi hii.

Hatua ya nne, kushoto zaidi, dakika ya nne. Papi iliyo nyuma ya nyaya ikabadilika rangi. Kwanza doa la ukubwa wa kucha, kisha likarefuka, likaanza kutembea kwenye njia ileile safi. Nikapiga kelele, "Simama hapohapo! Weka chaki!"

Nilipopanda nikakuta matundu manne yaliyopangwa mraba, yamezibwa kwa kitu kilichokauka na kupasuka. Nikamwita mama chini. "Hapa kulikuwa na nini?"

Akafikiri. "Dishi! Lilikuwa hapo zamani, likahamishiwa ukutani."

Waliolihamisha walichukua boliti zao na kuacha matundu. Mawili kati ya hayo yalikuwa yameshafunguka kabisa. Bati lina upana wa kama sentimita 80, na kutoka kofia ya paa, pale juu kabisa, hadi hapo ni mita 3, yaani mita za mraba 2.4. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 20 inapitisha lita 48 kwenye ukanda huo.

Saa 6:30 mchana hadi saa 9:00 alasiri

Kiraka cha kweli hakitegemei gundi. Nilikata kipande cha bati la mikunjo ileile, nikalegeza misumari ya bati la juu, nikachomeka kiraka chini yake kwa zaidi ya sentimita 15, kikashuka kupita matundu yote. Hata silikoni ikikauka na kuondoka, maji yataendelea kutoka bati la juu kwenda kwenye kiraka na kutoka kiraka kwenda bati la chini.

Silikoni ninayotumia kwenye viungo ni ile isiyonuka siki. Nilimfundisha kijana kuinusa. Ile inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula zinki inayolinda bati. Unaziba leo, unaotesha kutu.

Kisha misumari. Bati la mita 3 likitoka baridi ya alfajiri hadi joto la mchana, tofauti ya nyuzi 40, linarefuka karibu milimita 1.4, na jioni linarudi. Kila siku, mwaka mzima. Msumari unatikiswa taratibu mpaka unainuka, na kipande cha mpira kilicho chini ya kichwa chake kuzuia maji kimeshapasuliwa na jua. Msumari ulioinuka haupigwi kurudi ndani, tundu limeshapanuka. Tuling'oa 23, tukaweka skrubu nene zaidi zenye mpira mpya, zote kwenye mgongo wa bati, si bondeni maji yanapopita. Unakaza hadi mpira unalala sawa na ukingo wa chuma chake, unaacha. Ukizidisha nusu mzunguko unaupasua siku hiyohiyo.

Lami tuliikwangua kwa kipande cha mbao ili tusichubue zinki. Iliondoka polepole sana, na kijana hakulalamika hata mara moja.

Saa 9:20 alasiri

Mpira wa maji tena, dakika 20 juu ya kiraka. Darini, papi kavu. Nikaigusa kwa kiganja, kisha kwa nyuma ya mkono, panaposikia ubaridi vizuri zaidi. Kavu.

Viota vya pembezoni havikuwa na makinda wala mayai, tukavitoa na kuweka wavu wa chuma kwenye matundu ya hewa. Bomba la feni ya bafuni tukalipeleka nje kabisa.

Saa 10:30 jioni

Nilimweleza mama mambo mawili. Dari isipakwe rangi sasa, iachwe ikauke, madirisha wazi na feni ikipuliza, kwa sababu ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 kwenye kitu kilicholowa. Ikikauka kabisa, itangulie rangi ya msingi ya mafuta, la sivyo doa la kahawia litapenya rangi ya maji na kurudi kumtisha.

Kabla ya kuondoka nilipanda kiti na kuchora mstari wa penseli kuzunguka ukingo wa doa, nikaandika tarehe. Mtoto aliniuliza kwa nini. Nikamwambia mvua nyingine ikinyesha, aangalie kama doa limevuka mstari. Alilichukua jambo hilo kwa uzito wote, akaenda kutafuta tochi.

Saa 3:50 usiku

Imeanza tena, na upepo uleule. Nilikuwa nimeshanawa, vidole bado vina lami pembezoni mwa kucha. Nilikaa na simu mkononi nikijua kwamba dakika 20 za kwanza hazisemi lolote, maji yanahitaji muda wa kutembea.

Saa 4:35 picha ikaingia. Dari, mwanga wa tochi kutoka pembeni, mstari wangu wa penseli. Nikaikuza, nikaufuata mstari wote taratibu hadi nilipoanzia. Doa lilikuwa ndani. Chini ya picha mama alikuwa ameandika: "Amekataa kulala mpaka akutumie hii."