Batapanda wapi?

Kila Jumamosi, hapa Goma, nafundisha kundi la watoto kupanda ukuta wa jiwe kwa kamba, na hapa kila mtoto namtaja kwa mtaa wake. Tangu Jumamosi iliyopita swali moja limenikaa kooni. "Madamu, munabafundisha kupanda, njo muzuri. Sasa batapanda wapi?"

Aliyeuliza ni mama yake yule wa Kyeshero, mama wa sambaza mnayemfahamu, muuza vile visamaki vidogo vya ziwani. Alikuwa bado ameshika ncha ya kamba yetu. Nikamjibu, "Tutaona, Mama." Akasema "Aya", akajitwika beseni lake, akashika njia ya Kituku, kule ufukweni kwenye soko la samaki.

Basi, ni hayo tu. Wiki imekuwa na mambo yake: dada mkubwa amejifungua mapacha na wote ni wazima, mitihani imekwisha, mpaka wa Rwanda ulifungwa kabla ya saa yake na shangazi akalala Gisenyi, ng'ambo, bila kupenda. Yote hayo nimeyapokea kwa nusu sikio. Nikiwa kwenye foleni ya maji na bidoni zangu, namsikia. Nikisahihisha makaratasi, namsikia. Nimelirudia swali lile mpaka nalijua lilivyopumua. "Njo muzuri" alilisema harakaharaka, kama mtu anayelipa nauli ashuke. "Sasa" akalivuta. Halafu hakuniangalia mimi, aliangalia juu ya ukuta, ndipo akamalizia: batapanda wapi.

Usiku ule nilisikia dharau ndani yake. Maneno ya aina hiyo tumeyazoea. Tulipoanza, baba mmoja wa mtaani alituuliza kama tunawafundisha watoto wa watu kuruka nyua za jirani usiku. Mwingine akasema msichana akishajua kupanda jiwe, nani atamteremsha. Hao sikuwajibu na sikukosa usingizi. Lakini huyu ni mama aliyeniletea binti yake kwa mkono wake, akamnunulia viatu vya raba kwa pesa ya samaki. Dharau ya mtu kama huyo inaingia ndani zaidi.

Kwa hiyo nikalala nikitunga majibu. Ningemwambia kuhusu Junko Tabei, mama wa Kijapani aliyefika juu ya Everest mwaka 1975, mwanamke wa kwanza kufika pale. Ningemwambia kuhusu Saray Khumalo, mzaliwa wa hapo jirani Zambia, mwanamke Mwafrika mweusi wa kwanza kusimama pale juu, mwaka 2019. Ningemwambia kwamba kupanda ukuta sasa ni mchezo wa Olimpiki, tangu michezo ya Tokyo. Yote ni kweli, na watoto nimeshawasimulia, macho yao yakawaka. Ila nilipojaribu kuyatamka kwa sauti mbele ya yule mama, hata kichwani tu, hayakutoka. Yeye aliuliza wapi. Tokyo haiko kwenye njia ya Kituku.

Ngoja niwaeleze Jumamosi yenyewe ilivyokwenda, maana nimeanzia mwishoni.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Kufika saa tatu jua lilishatoka na ukuta ulikuwa mkavu, tena unavutia. Mnaujua ukuta wetu: karieri ya zamani, yaani machimbo ya mawe, jiwe jeusi la volkeno lenye vitundu ambavyo kidole kimoja kinaingia na cha pili kinakataa. Jiwe hilo linashika vizuri kuliko unavyodhani, lakini linakwangua. Watoto wote wana alama zilezile kwenye ncha za vidole. Kule juu, kamba inapokunja ukingo, huwa tunaipitisha ndani ya mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, kwa sababu jiwe hili linakata.

Kiongozi wa siku alikuwa yule wa Mabanga. Ninyi mliosoma tangu mwanzo mnakumbuka alivyokuja kwetu: hajihesabu msichana wala mvulana, na kila timu aliyojaribu ilimkwamisha palepale kwenye mstari wa kwanza, wasichana huku, wavulana kule, wewe unasimama wapi? Kwetu alisimama alipotaka kusimama, akapewa kaske, kofia ngumu ya kukinga kichwa, na bodriye, ule mkanda wa kiunoni na mapajani, akafundishwa fundo la nane, lile la kujifunga kwenye kamba. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Ana miaka 16 na ndiye mwenye mikono tulivu kuliko wote.

Kiongozi wa siku kwetu hapandi kwanza. Kazi yake ni kupita kwa kila wawili, kuangalia kama wamekaguana: mikanda ya bodriye imerudishwa, fundo limelala vizuri, musketoni, ile pete ya chuma, imefungwa mpaka mwisho. Kabla ya hapo anazunguka ukuta wote na kuugonga kwa ngumi. Jiwe zima likigongwa linajibu kavu. Lililoachana na mwenzake linatoa sauti ya uwazi, na ukiisikia mara moja huisahau. Wavunja mawe walikuwa wamefanya kazi upande wa juu katikati ya wiki, na maji ya mvua yakaingia palepale walipochokonoa.

Aligonga, akasikiliza, akagonga tena chini kidogo. Akarudi. Akasema, "Leo hatupandi."

Na siku hiyo tulikuwa na wageni. Walikuja na gari, na kamera, na ahadi ambazo sitaziandika hapa mpaka zitimie. Mmoja wao akaomba kwa upole, apande mtu mmoja tu, kidogo tu, wapate picha. Yule wa Mabanga alimtazama, akanitazama mimi. Mimi nilinyamaza, kwa sababu kwetu hata Madamu yuko chini ya kiongozi wa siku, na kama kanuni hiyo inavunjika mgeni akija basi haijawahi kuwepo. Akamgeukia mgeni akasema, "Hapana. Jiwe linalia."

Hakuna aliyecheka, hakuna aliyenung'unika. Wa Ndosho alianza kukunja kamba. Wa Birere, ambaye kila wiki hugombania kupanda wa kwanza, akaanza kuvua kaske. Kijana wa miaka 16 amesema hapana mbele ya watu wazima wenye gari, na kundi zima likamwamini sikio lake. Kama kuna mtu anataka kujua kwa nini Jumamosi yetu ni ya wasichana na yule wa Mabanga peke yao, bila wavulana, ajue ni kwa sababu hii. Tulipokuwa tumechanganyika, wavulana walishika kamba na wasichana wakashika chupa za maji, na yule wa Mabanga hakushika chochote. Sauti ya kusema "simama" inahitaji mahali pa kuzoea kutoka.

Wageni walipoondoka tukakaa chini kufanya mafundo. Hapo ndipo mama wa sambaza alipofika kumchukua binti yake amsaidie kubeba.

Hiki ndicho nilichokiacha nje kila nilipolirudia swali lake. Juzi umeme ulikatika mapema, nikakaa gizani sina la kufanya, na mikono yake ikanijia. Kabla hajauliza chochote, mama yule alitua beseni. Akachuchumaa. Akalichukua fundo la nane kutoka kwa binti, akaligeuza, akavuta uzi mmoja mmoja, yote minne, akitafuta mahali litakapoteleza. Mume wake alikuwa mvuvi. Yeye mwenyewe amekaa ufukweni miaka akingoja ile mitumbwi mitatumitatu iliyofungwa pamoja kwa kamba, yenye miti mirefu inayobeba nyavu, na anajua kamba mbaya inafanya nini usiku wa upepo. Akasema, "Hii haiwezi funguka yenyewe." Akalifungua, akamrudishia binti kamba. "Fanya tena." Binti akalifunga upya akiwa anamwangalia mama usoni, haangalii mikono yake. Mama akalivuta tena. Ndipo akaangalia juu ya ukuta na kuniuliza.

Mtu mwenye dharau havuti uzi mmoja mmoja.

Tangu juzi swali limebadilika sauti. Sasa namsikia mama aliyeona kwa macho na kwa mikono yake kwamba mtoto wake anajua kitu, na anataka kujua kitu hicho kinakwenda wapi. Yeye hanunui samaki bila kujua atawauza soko gani. Aliniuliza swali la mtu anayepanga.

Na hapo linauma zaidi, maana pale aliposimama, akiinua macho kidogo tu, anaiona volkeno ya Nyiragongo, mita 3,470. Siku ya anga safi anaiona Mikeno, mita 4,437, na Karisimbi, mita 4,507, ambayo tunaigawana na Rwanda. Ukienda kaskazini mpaka kwenye mpaka na Uganda kuna Margherita, mita 5,109. Milima yote hiyo imo ndani ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925. Sijui mahali pengine Afrika ambapo mtoto anayejifunza kupanda amezungukwa hivi. Na hakuna hata mmoja ambao ninaweza kumpeleka Jumamosi ijayo, kwa sababu usalama hakuna, na mengine mnayajua, sihitaji kuyaandika. Hata enzi Nyiragongo ilipokuwa inapandwa, kibali kilikuwa dola 300. Mimi mwenyewe nilifika kwenye ukingo wake kwa sababu nililipwa kuwatafsiria wageni. Nikalitazama lile ziwa la moto, halafu nikageuka nikaitafuta Goma kule chini, na nikafikiri kwamba sisi mabinti wa kule chini sote tulilelewa tukiuogopa mlima huu, na hakuna aliyetupandisha tuuone.

Watoto wangu wanaujua mlima kwa kile kilichoteremka. Wakubwa wao walikimbia tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani. Wao wenyewe walikimbia usiku wa tarehe 22 Mei 2021, wengine kuelekea Gisenyi, wengine kuelekea Sake, godoro kichwani. Jiwe wanalolishika kila Jumamosi lilitoka huko juu. Mlima umewafuata mpaka mtaani na wao bado hawajaukanyaga.

Nitakwenda Kituku Jumanne asubuhi, mitumbwi ikirudi. Nitamwambia mama kwamba kwa leo pa kupanda ni pale pale tu, ukutani. Sitampamba na Tokyo. Lakini nitamsimulia alichokikosa kwa kuchelewa nusu saa: yule wa Mabanga na jiwe linalolia, na jinsi binti yake alivyokuwa wa kwanza kusema "sawa" na kufungua fundo lake. Halafu nitamwomba aje, Jumamosi moja akiweza, atufundishe mafundo ya nyavu. Mikono ile haipaswi kupita karibu na kundi letu ikiwa imeshika beseni tu. Tangu wazo hili linijie nina furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nimeshawaandikia watoto wote. Wa Birere amejibu ndani ya dakika moja kwamba atakaa mbele.

Kingine hakihusiani kabisa. Jino la mbele la kitinda mimba wetu limeota nyuma ya lile la utoto, na la utoto halijaanza hata kutikisika. Bibi yake anasema nilifunge uzi nilivute. Jirani muuguzi anasema nisiliguse, ajing'olee mwenyewe kwa kutafuna muwa. Mwingine ananiambia nikichelewa yatapandana. Daktari wa meno anapokea asubuhi tu, siku ambazo nina vipindi, na dada mkubwa ambaye angempeleka ana mapacha kifuani. Nimemuuliza mtoto kama linauma. Anasema haliumi, ila haachi kuligusa kwa ulimi.