Picha ya kwenye kabati la mama

Nimerudi Tanga, wiki ya tatu sasa. Miaka 26 nimekaa Sydney, na katikati nilikuja mara mbili tu, zote kwa msiba. Safari hii nimekuja na mizigo yangu yote.

Siku niliyofika, hata maji sijaoga, mama alinivuta hadi kwenye kabati la vyombo. Akafungua kioo, akatoa picha iliyokuwa imeegemea birika la wageni. Ni mimi, mwembamba, ndani ya koti la kuazima, nimeinua kidole juu. Juu ya kidole, kwenye boriti la chuma lililobebwa na nguzo katikati ya mtaa, kinapita kitreni.

"Mtaa mzima nimewaonyesha," akasema. "Nimewaambia mwanangu yuko mji ambao treni zinapita hewani. Bado zipo?"

"Zilishang'olewa, mama. Zamani."

"Zimeng'olewa? Mzungu ang'oe reli?"

Wajukuu wakasogea. Ikabidi nieleze.

Monoreli ile ilifunguliwa Julai 1988, mwaka ambao Australia ilisherehekea miaka 200 tangu meli za Waingereza zitie nanga pale. (Wenyeji wa asili waliandamana. Wao walikuwa na hesabu yao ya hiyo miaka 200.) Darling Harbour, eneo la magati na yadi za mabehewa ya mizigo, lilikuwa linageuzwa kuwa mahali pa kupunga upepo, na monoreli ndiyo ilikuwa ya kuwatoa watu katikati ya jiji na kuwafikisha huko. Kampuni ya uchukuzi ya TNT ikaijenga, kwa teknolojia ya Uswisi. Wakazi wengi waliipinga hata kabla haijakamilika: nani anataka boriti lipite mbele ya majengo ya kale ya mji wake?

Mimi niliikuta ina miaka kumi. Nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa kule bandarini, na mshahara wa kwanza nilipanda kwa ushamba tu. Raha yake ilikuwa kuchungulia. Unapita usawa wa madirisha ya maofisi, unamwona mtu na tai yake anakula mkate mezani, naye anakutazama, hakuna anayejua amsalimie mwenzake vipi.

Lakini ilikuwa duara, kilomita 3.6, vituo 8, na treni zikienda upande mmoja tu. Kituo kikiwa nyuma yako, unakifikia kwa kuzunguka kwanza kote kulikobaki. Usiku mmoja nilisinzia nikapitiliza. Nikajisemea si neno, itarudi tu. Ikarudi, nikapitiliza tena.

Mjukuu mkubwa akauliza, "Sasa mjomba, si bora ungetembea?"

Ndiyo hasa. Wafanyakazi tulitembea. Tiketi ya treni na basi za jiji haikukubalika kule juu, na nauli ilipanda hadi dola 5 kwa safari ambayo miguu ingeimaliza kwa dakika kumi na kitu. Waliobaki humo ni watalii.

Mwaka 2012 serikali ya jimbo la New South Wales iliinunua kampuni iliyoimiliki monoreli, kwa karibu dola milioni 20 za kule, ili iweze kuiondoa. Ilitaka nafasi ya kituo kipya cha mikutano, na fedha na akili iliona ni heri ziende kwenye tramu, treni nyepesi zinazopita chini barabarani. Safari ya mwisho ilikuwa tarehe 30 Juni 2013. Mabehewa mengine yakaenda makumbusho, mengine Google wakayafanya vyumba vya mikutano ofisini kwao. Nguzo zilipoondolewa nilipita Mtaa wa Pitt, nikaona anga limekuwa jeupe mno. Sikuwahi kuipenda ile treni, lakini nilisimama pale kitambo, mpaka mtu akanipiga kikumbo.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akaipangusa picha kwa ncha ya kanga, akairudisha pale pale kwenye birika, akafunga kioo.

"Majirani usiwaambie," akasema. "Haya, kaoge, chakula kinapoa."