Hodhi Lenye Mlango: Jinsi Tulivyomchagulia Mama Mahali pa Kuogea

Mama yangu alipokuja kuishi nasi hapa Houston akitokea Tanga, jambo lililonishughulisha kuliko yote halikuwa baridi ya kiyoyozi wala chakula, bali bafu. Ana umri wa miaka 74, magoti yake yote mawili yamesagika, na la kulia halikunji tena ipasavyo. Hodhi tulilolikuta katika nyumba hii ni lile la kawaida la Kimarekani, lenye urefu wa sentimita 152 na ukingo unaofika karibu sentimita 38 kutoka sakafuni, na bomba la mvua limefungwa juu yake. Kila asubuhi ilimbidi auinue mguu wa kulia kwa mikono yake miwili, aupitishe juu ya ukingo ule, kisha asimame juu ya sehemu yenye utelezi huku mguu wa pili ukiwa bado nje. Siku moja alishika chuma cha kutundikia taulo ili ajiinue, kikang'oka na plasta yake. Hakuanguka, kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni nikamdaka.

Baada ya siku hiyo akakataa kabisa kuingia ndani ya hodhi. Akaomba ndoo na kata, akawa anaoga amesimama juu ya vigae, kama alivyozoea nyumbani. Tatizo ni kwamba mabafu ya nyumba nyingi za hapa hayana tundu la kutolea maji sakafuni, kwa hiyo maji yalituama, sakafu ikawa ya hatari kuliko hodhi lenyewe. CDC, yaani taasisi ya Marekani inayoshughulikia udhibiti na kinga ya magonjwa, ilikadiria kuwa katika mwaka 2008 watu wapatao 234,000 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea walitibiwa katika vyumba vya dharura kwa majeraha waliyoyapata bafuni, na wanane hivi kati ya kila kumi walikuwa wameanguka. Sikutaka mama awe mmoja wao, ndipo nikaanza kutafuta hodhi lenye mlango, ambalo mtu huliingia kwa hatua moja fupi na kuoga akiwa ameketi.

Nilianza kwa kosa ambalo nadhani wengi hulifanya: nilisoma bei na orodha za vikorombwezo usiku kucha, bila ya kumshirikisha atakayeoga. Duka la kwanza nililokwenda na mama lilinifundisha zaidi ya majuma mawili ya kusoma. Nilimwomba muuzaji amruhusu aketi ndani ya hodhi lililo kavu, naye akaingia na khanga yake, akaketi, akajaribu kuufunga mlango. Mlango ule ulikuwa wa kufungukia ndani. Ili uufunge, ni lazima uingie, ugeuke, uvute magoti pembeni, kisha uupitishe mlango mbele ya miguu yako katika nafasi finyu. Goti la mama halikuweza. Alikwama hapo, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, humu nitaingia, lakini kutoka sijui."

Sifa ya mlango wa kufungukia ndani ni ya kweli: maji yakijaa, uzito wake huusukuma mlango dhidi ya mpira wa kuzuia maji yasivuje, na kadiri yanavyozidi ndivyo unavyozidi kubana. Una pia faida ya kutohitaji nafasi ya ziada bafuni. Lakini aliyeketi akiishiwa nguvu au akizimia, mwili wake wenyewe huuzuia mlango usifunguke, hata baada ya maji yote kutoka. Mlango wa kufungukia nje hutegemea makomeo na mpira peke yake, kwa hiyo ubora wa vitu hivyo viwili ni lazima uchunguzwe kwa makini, na unahitaji nafasi mbele yake. Lakini humwezesha mtu kuketi kwanza kisha kuingiza miguu, au kuhama moja kwa moja kutoka kwenye kiti cha magurudumu. Nilipima bafu letu, nikaona kuwa nikiisogeza kabati ya sinki sentimita chache mlango utapita. Uamuzi wa mlango ukawa umekwisha.

Cha pili kilikuwa kizingiti. Jina la Kiingereza la mahodhi haya, "walk-in", yaani "kuingia kwa kutembea", linawafanya watu wadhani kuwa hakuna cha kuvuka, kumbe kipo. Katika mahodhi tuliyoyaona, kizingiti kilianzia sentimita 8 hivi hadi 18, na kwa mguu wa mama tofauti hiyo ni kama tofauti ya kupanda ngazi na kutopanda. Kiti nacho kilipaswa kuwa na kimo cha sentimita 43 au zaidi, kwa sababu kiti cha chini humlazimisha mwenye magoti mabovu kujisukuma kwa nguvu asizokuwa nazo. Vyuma vya kushikilia nilivitazama baada ya yale ya chuma cha taulo: kanuni za Marekani za majengo yanayofikiwa na watu wenye ulemavu hutaka vyuma hivyo vistahimili mzigo wa takriban kilo 113, na nilitaka vyetu vifungwe kwenye mihimili ya ukuta na si kwenye ubao wa jasi.

Halafu kuna suala la maji, ambalo wauzaji hulipitia harakaharaka. Mtu huingia hodhi likiwa tupu, hufunga mlango, na kusubiri lijae huku ameketi. Akimaliza kuoga, husubiri maji yote yatoke ndiyo afungue. Yaani mwanzo na mwisho wa kuoga ni kukaa bila nguo, tena mwishoni ukiwa umelowa. Mama alipoelezwa jambo hili aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa, kisha akasema, "Hapa ndipo nitakapopata kichomi." Kwa hiyo niliuliza kila muuzaji swali moja: linajaa kwa dakika ngapi na kuisha kwa dakika ngapi? Bomba la maji machafu la inchi 2 hutoa maji kwa haraka kuliko la inchi 1.5, na mahodhi mengine yana pampu ya kuyavuta. Nyumba yetu imejengwa juu ya zege, na kubadilisha bomba kungemaanisha kuvunja sakafu, kwa hiyo tulichagua lenye pampu.

Tangi letu la kuchemshia maji lina ujazo wa lita 150. Hodhi la lita 190 likijazwa maji ya kuogea huhitaji theluthi mbili hivi yawe ya moto, nalo tangi haliwezi kutoa ujazo wake wote kabla ya kuanza kupoa. Fundi bomba alishauri tununue tangi kubwa. Mama ndiye aliyenitoa katika gharama hiyo, kwa maana hakuwa na nia ya kujaza hodhi hata siku moja. Kwake yeye, kujilaza katika maji uliyojisugulia ni kujichafua upya. Alitaka maji ya uvuguvugu yafunike magoti, kama alivyoelekezwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, kisha yatoke, ndipo ajimwagie maji safi kwa bomba la mvua la mkononi. Kwa matumizi hayo tangi letu linatosha. Vali ya kudhibiti joto tuliiweka bila ya mjadala, na tangi tukaliweka nyuzi 49 za Selsiasi, kiwango kinachopendekezwa hapa Marekani, kwa kuwa maji ya nyuzi 60 yanaweza kuunguza ngozi vibaya ndani ya sekunde chache.

Mashine za kupuliza maji mgongoni zilituvutia dukani, nami sikuzitaka. Zile zinazozungusha maji ndani ya mabomba huacha unyevu ambamo vijidudu huweza kuzaliana zisiposafishwa kwa utaratibu, na nani angezisafisha kila juma?

Nieleze pia habari ya muuzaji mmoja aliyetutembelea nyumbani, kwa sababu imewapata wazee wengi. Alikaa sebuleni zaidi ya saa mbili, akataja bei ya dola 17,000, kisha akaishusha mara tatu, kila mara akisema kuwa punguzo hilo ni la leo tu. Mama alikwisha kuona haya, akaninong'oneza nimkubalie aende zake. Sikutia saini, lakini aliyetia saini ajue kuwa sheria ya serikali kuu ya Marekani humpa mnunuzi siku tatu za kazi za kuvunja mkataba wa mauzo yaliyofanyika nyumbani kwake. Ajue vilevile kuwa Medicare ya kawaida, yaani bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, hailipii hodhi la namna hii, hata muuzaji akisema vingine.

Mwishowe tulichukua hodhi la akriliki, mlango wa kufungukia nje, kizingiti cha sentimita 8, kiti cha sentimita 43, pampu ya kutolea maji, bila mashine yoyote ya kupuliza. Hodhi la gelikoti, yaani la plastiki yenye nyuzi za kioo iliyopakwa tabaka jembamba linalong'aa, lingekuwa la bei nafuu zaidi, lakini hupauka na kupata nyufa mapema kuliko akriliki. Fundi alifanya kazi siku mbili. Kabla ya kumlipa nilijaza maji mpaka juu na kutandaza gazeti kavu chini ya mlango kwa nusu saa; halikulowa.

Mama sasa anaoga peke yake baada ya sala ya alfajiri. Nimeupima muda wa maji kutoka: ni dakika tatu na nusu kwa kiasi anachotumia, na katika muda huo hujifunika taulo kavu mabegani, ambalo huliweka juu ya ukingo kabla ya kuingia. Mlango wa bafu haufungwi kwa ufunguo, na kengele ndogo imefungwa karibu na mkono wake wa kushoto. Hajawahi kuigonga, ingawa asubuhi huwa namsikia akivuta kile kigoda chake cha zamani kukiweka kando ya hodhi ili aegeshe ndala zake.