Siku moja maishani mwangu: kuvu na hamira kwenye maabara ya mwaka wa kwanza

Saa 1:00 asubuhi

Kabla ya kuvaa koti jeupe vizuri, nasoma kipimajoto cha kabati la kuoteshea. Iringa mjini iko mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai maabara huwa ya baridi kweli. Kuvu nyingi tunazofundishia zinataka nyuzi 25 za Selsiasi. Umeme ukikatika usiku kabati linapoa, na sahani za kuoteshea kuvu za siku ya tano zinafanana na za siku ya tatu. Ndiyo maana joto linaandikwa asubuhi na jioni. Mwanafunzi akiuliza kwa nini kuvu yake imedumaa, jibu liko daftarini.

Sahani zote zimelala kifudifudi, upande wa agari, ile jeli ya chakula cha kuvu, ukiwa juu. Zikikaa vinginevyo, matone ya jasho la mfuniko yanadondokea kuvu, yanabeba spora, yaani chembe zake za uzazi, na kuzitawanya sahani nzima. Nazikagua bila kufungua hata moja.

Saa 1:40

Napika agari ya viazi na glukosi ya wiki ijayo. Kipimo cha unga ni gramu 39 kwa lita, kwa hiyo nusu lita inachukua gramu 19.5. Nachemshia kwenye chupa ya lita moja, maana ya nusu lita hufurika. Naongeza miligramu 50 za kloramfenikoli ili bakteria wasiwahi kuota. Dawa hii haiharibiki kwa joto la otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo, ila unga wake usivutwe puani wala kushikwa kwa mikono mitupu.

Kwenye otoklevu ndipo mafundi wengi wa nyanda za juu wanapokosea. Vitabu vinasema paundi 15 kwa inchi ya mraba, nyuzi 121, dakika 15. Hiyo ni hesabu ya pwani. Geji inapima shinikizo lililozidi hewa ya nje tu, na hewa ya huku juu ni nyepesi, hivyo paundi 15 za Iringa hazifikishi nyuzi 121. Kanuni tunayotumia ni kuongeza nusu paundi kwa kila mita 300 za mwinuko, yaani kama 17.5 hapa kwetu. Chombo kisichoruhusiwa kupita paundi 15, mfano sufuria ya presha, tusikilazimishe: tunaacha 15 na kurefusha muda hadi dakika 25. Na kabla ya kufunga valvu, mvuke utoke mfululizo kwa dakika 5 hadi 10. Hewa ikibaki ndani, geji itasoma sawasawa huku joto likiwa bado chini.

Saa 2:30

Otoklevu ikiendelea, naloweka hamira: gramu 1 ya hamira kavu ya dukani na gramu 2 za sukari kwa mililita 100 za maji ya nyuzi 35 hadi 40. Maji ya birika yanaiua. Yakifika nyuzi 60 hakuna kitakachochipua, na darasa zima litaangalia maiti. Naiweka mapema hivi kwa sababu inahitaji saa moja na nusu hivi ndipo vichipukizi vionekane kwa wingi.

Saa 3:15

Kumimina. Agari iwe imepoa hadi nyuzi 45 au 50, chupa unaweza kuishika bila kuiachia. Ikiwa ya moto zaidi, mifuniko inajaa jasho. Ikipoa mno, inaganda mabonge kwenye shingo ya chupa. Mililita 20 kwa kila sahani ya sentimita 9, nusu lita inatoa sahani 25. Feni imezimwa, madirisha yamefungwa, taa ya spiriti inawaka kando. Sahani mbili zitaingia kabatini bila kupandwa chochote. Zikiota kitu, mapishi yote yanatupwa.

Saa 4:00

Wanafunzi wanaingia. Tunaanza na hamira kwa sababu haina madhara na inawafundisha kutumia hadubini.

Tone moja dogo kwenye slaidi, kioo cha kufunikia kikishushwa kwa mshazari ili kisinase hewa. Lenzi ya 10 kwanza, kisha ya 40, ambayo pamoja na lenzi ya jicho ya 10 inakuza mara 400. Malalamiko ya kwanza ni yaleyale: "Mwalimu, mimi sioni kitu." Mara nyingi mwanga umezidi. Seli zisizopakwa rangi ni kama kioo, ukipunguza tundu la mwanga chini ya jukwaa kingo zake zinajitokeza. Malalamiko ya pili ni duara kubwa lenye ukingo mnene mweusi. Hilo ni povu la hewa.

Seli yenyewe ina umbo la yai, upana wa mikromita 5 hadi 10, na ndani yake kuna doa angavu, kihifadhi maji cha seli. Ukitulia utaona begani mwake kichipukizi kidogo, bado kimeshikana na mama yake kwa shingo nyembamba. Bakteria wengi wana mikromita 1 hivi. Tofauti hii ina faida kubwa, kwa sababu kwenye agari kundi la hamira, laini na la rangi ya krimu, huwezi kulitofautisha na la bakteria kwa macho.

Saa 4:45

Kuhesabu walio hai. Maji ya hamira mililita 1 yanaingia kwenye mililita 49 za maji safi, halafu mchanganyiko huo unachanganywa nusu kwa nusu na methilini buluu ya asilimia 0.01. Seli hai huiondolea rangi hiyo ubuluu wake, zikabaki nyeupe. Zilizokufa zinabaki buluu. Hesabu ifanyike ndani ya dakika 10, la sivyo rangi yenyewe inaanza kuua.

Kwenye slaidi ya kuhesabia ya Neubauer, mraba wa katikati una viboma (miraba midogo) 25 na unabeba mililita 0.0001. Tunahesabu viboma 5. Tukipata seli 42: mara 5, mara 10,000, mara 100, sawa na milioni 210 kwa mililita moja ya maji ya awali. Kosa la kila mwaka ni kuandika mara 50, wakisahau kwamba rangi nayo imezimua mara mbili.

Saa 6:00 mchana

Kuvu. Tunazo Rhizopus ya mkate na Penicillium ya chungwa bovu. Mkate wa kiwandani wenye kihifadhi cha kalsiamu propioneti unachelewa sana kuota ukungu, hivyo natumia wa kuoka nyumbani.

Penicillium tunaibandua kwa selotepu angavu, ikiguswa pembeni mwa kundi. Katikati pamekomaa mno, utapata vumbi la spora tupu. Selotepu inalazwa juu ya tone la rangi ya laktofenoli ya kotoni buluu, na kifagio kidogo chenye minyororo ya spora kinaonekana bila shida. Fenoli inaunguza ngozi, glavu hazivuliwi.

Rhizopus haitaki selotepu, vifuko vyake vya spora vinapasuka. Chukua kipande kidogo kwa sindano, weka kwanza kwenye tone la alkoholi ya asilimia 70 ili hewa itoke, ndipo rangi. Ichukuliwe ikiwa na saa 48, maana ikifika siku ya tano imejaza sahani hadi mfunikoni. Nyuzi zake ni pana na hazina kuta za kugawanya, na chini ya shina la kifuko kuna vizizi. Ukiona hivyo vizizi, umeshaitambua.

Mahindi yaliyoota ukungu hayaingii darasani. Kuvu iitwayo Aspergillus flavus inaweza kutoa aflatoksini, sumu isiyoisha kwa kupika ugali. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kati ya wagonjwa 317. Sumu ile haionekani kwa hadubini, na spora za kuvu hiyo zikivutwa zinaweza kumdhuru mwenye pumu au mwenye kinga dhaifu.

Saa 9:30 alasiri

Sahani zilizotumika zinaingia otoklevu zikiwa zimefungwa, dakika 30. Slaidi zinalowekwa kwenye jiki ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji. Meza zinafutwa kwa alkoholi ya asilimia 70; ile ya 95 inakauka kabla haijaua.

Saa 11:00 jioni

Sahani mpya kabatini, kifudifudi, zile mbili tupu rafu ya juu. Kipimajoto: 24.5.