Ijumaa niliyowapikia wakwe zangu makande

Desemba 2018 wakwe zangu walikuja Tanga kututembelea, ndo mara ya kwanza wanakuja pamoja toka tuoane, na mimi moyoni nilikuwa na jambo moja tu, mama mkwe ale chakula kilekile wanachokula wenzie. Nilishamuona sana kule kwao Same kwenye harusi na misiba, watu wanapakuliwa pilau, yeye anawekewa pembeni kisahani cha mchicha wa kuchemsha na kipande cha ugali kwasababu ana sukari, anakula kimyakimya anamaliza anajifuta mikono. Iliniuma kila nilipoiona. Mama aliyelea ukoo mzima anatengwa kama mgonjwa wa wodini.

Kabla hawajaja nikampigia wifi yangu aniambie nani anakula nini, maana kupika kwa kubahatisha sipendi. Akanimwagia yote. Mama sukari. Baba mdogo vidonda vya tumbo, pilipili hagusi, ndimu hagusi, na maharage yakimuingia usiku halali. Wifi mwenyewe ameacha nyama, samaki, mayai mpaka maziwa tangu ashike mafundisho ya ulaji ya kanisani kwao, wenyewe wanayaita matengenezo ya afya, na chai ya majani wala kahawa hanywi. Mwanae wa darasa la kwanza anakula wali mweupe, tena mchuzi ukigusa ule wali basi sahani inarudi kama ilivyo. Na wote ni Wasabato, yani sio mtu kajiamulia juzi, Usabato Upare uko toka 1903 walipokuja wamisionari wa Kijerumani, kwahiyo mtu amezaliwa kakuta bibi yake hali kambare na yeye hali.

Sasa wanafika Alhamisi jioni, maana yake chakula cha Jumamosi mchana, kile cha kukaa wote baada ya kanisa, lazima kiwe kimeiva Ijumaa kabla jua halijazama. Sabato ikishaingia hakuna kuwasha jiko kupika. Kupasha mama alisema hana shida nako. Mimi ni Mbondei wa Muheza, kwetu mboga bila nazi ni kama hujapika, lakini na lile joto la Desemba tui likilala nje asubuhi limechacha, na friji siitegemei umeme ukianza mambo yake. Nikaiacha nazi kabisa. Mume wangu akasema nunua tu kuku, kila mtu atajua mwenyewe. Nikamwambia hapana baba, kila mtu akijua mwenyewe mama anarudi kwenye kisahani chake.

Nikaamua makande. Ni chakula chao wenyewe, mpishi wa Kipare humfundishi makande, na hapo ndo palikuwa na hofu yangu kidogo. Alhamisi usiku nikaloweka mahindi yasiyokobolewa na maharage, kila kimoja na bakuli lake. Nilitaka maharage yazidi mahindi, maana daktari wa mama alishamwambia shida kubwa ni kipimo na unachochanganya, na maharage hayapandishi sukari kwa kasi kama wali mweupe. Kitunguu, karoti, hoho, mafuta kidogo, basi. Hayo anakula mama, anakula wifi, tunakula na sisi.

Kwa baba mdogo nikasema nitapika ndizi na samaki chukuchuku bila ndimu. Ijumaa asubuhi nikashuka soko la Deep Sea kutafuta samaki, kijana ananiita dada njoo pweza huyu, kamba hawa, nakuwekea na samaki taa bei ya asubuhi, vitu vizuri kweli ila kwa Msabato havipiti, Walawi 11 inataka mwenye mapezi na magamba. Nikachukua samaki aina ya changu. Kijana kashika kisu anataka kumpara nikamwambia acha, toa matumbo tu, magamba niachie.

Nilifanya vile makusudi, nilitaka mama aone kwa macho yake. Na kweli, nimefika nimeweka beseni uani akaja na kigoda chake, "leta hapa mwanangu, wewe kaangalie mahindi." Akawapara mwenyewe kuanzia mkiani kwenda kichwani, magamba yanaruka mpaka kwenye kanga, kila akimaliza mmoja anampitisha kidole gumba ubavuni kinyumenyume kuhakikisha hakijabaki kitu. Tukaongea pale mambo ambayo kwenye simu hatujawahi kuongea. Akaniambia kinachomchosha kwenye sukari sio kunyimwa pilau, ni watu kumpakulia bila kumuuliza.

Saa kumi makande yameiva, ndizi zimeiva, mchicha wa wifi nimeuunga na karanga, mtoto nimempikia wali wake nikautia kwenye hotipoti ndogo ya peke yake ili usikutane na mchuzi wa mtu. Asubuhi watakunywa uji na mchaichai. Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu huku kwetu, tukapata mpaka muda wa kuoga kabla ya ibada ya kufungua Sabato.

Jumamosi wametoka kanisani tukatandika jamvi, vyakula vyote katikati. Mama kashika sahani, kaniangalia, "na mimi nakula haya haya?" Nikamjibu haya haya mama, jipakulie mwenyewe. Akachota upawa mmoja na nusu, mchicha mwingi pembeni, akatulia na wenzie, na safari hii alikuwa wa mwisho kumaliza kwasababu alikuwa anaongea. Baba mdogo na changu wake alimaliza mpaka kichwa. Mtoto alikula wali wake, halafu akaanza kudokoa mahindi kwenye sahani ya bibi yake, punje mojamoja, maharage anayaacha, na hakuna aliyemsemesha, tulimwacha tu aendelee.

Baada ya masaa mawili mama akatoa kile kimashine chake cha kupimia sukari akajitoboa kidole. Ikasoma 8.9. Kwa mtu ambaye ameshiba makande ile namba ni nzuri, kikazungushwa jamvi zima kila mtu aione, baba mdogo mpaka akavaa miwani. Jua lilipozama mama akaomba simu ya mume wangu akampigia dada yake Same, hata salamu hazijaisha anamwambia, "nikirudi nataka nikute mahindi umeloweka, ya ganda lake, na maharage mengi, na usinipakulie, nitapakua mwenyewe."